Mama Mzalishi na Mbao za Ndege

Kabla ya kukata paleti alivaa soksi mikononi. Miguuni hakuvaa kitu. Tumekaa naye ukuta kwa ukuta hapa Mikelenge tangu kabla ya vita mpaka leo, na mpangilio huo haukubadilika hata siku moja: soksi juu, peku chini. Ukimuuliza sababu, alikutazama kama mtu aliyeuliza kwa nini mvua inatoka juu.

"Mikono njo inapokeaka watoto," alisema. "Miguu inapokeaka nini?"

Alikuwa mzalishi wa kituo cha afya cha mtaa wetu. Kijiti kikiingia kwenye kiganja chake leo, kesho kitamkwaruza mtoto wa mtu. Jina lake la kwenye kadi nililiona mara moja, siku ya kuandikisha wapiga kura, nikalisahau kabla sijafika nyumbani. Halikumfaa. Mtaa mzima ulimwita Mama Mzalishi, na hata wasiopendana naye walimwita hivyohivyo, kwa sauti ya chini zaidi kidogo.

Mimi ni mtu wa biashara. Nilitoka Butembo na mizigo miwili ya sabuni na chumvi, nikafungua butiki, duka la rejareja, nikaoa, nikabaki. Nahesabu kila kitu mara mbili: mara ya kwanza kwa macho, mara ya pili kwa mashaka. Kwa kupatana bei sijioni mtu mdogo. Nimeshapatana na marubani, na madereva wa Lubutu, na wachimba dhahabu waliotoka machimbo ya Kama na vumbi lao ndani ya karatasi ya sigara. Kwa wote hao nimeshinda mara nyingi kuliko nilivyoshindwa. Kwa Mama Mzalishi nilikuwa sijashinda hata mara moja. Hapo nimehesabu mara tatu.

Ndiyo maana nilicheka, mwaka huu, binti yake aliponipigia simu kutoka Goma. Mama alikuwa amejikata kiganja cha kushoto. Ubao uliteleza, msumeno ukapita, akashonwa nyuzi saba, na siku ya tatu alionekana tena uani akipindua paleti kwa mguu.

"Papa Neema," binti akaniambia, "weye unaweza kumuuzia samaki maji. Umuambie mama aache zile mbao. Chumba chake iko hapa, tumepaka rangi. Tiketi ya ndege nitatuma. Akikatika tena tutamupoteza."

Sikucheka mwishoni. Nikasema nitajaribu. Kisha nikakaa siku nne bila kujaribu, nikifikiria nitaanzia wapi, na kila nilipotafuta mahali pa kumshikia nilikuta mtu mzima, hana ufa.

Tuanze na kazi yenyewe. Watu wengi wakiona paleti, zile chaga za mbao zinazowekwa chini ya mizigo, wanaona kuni. Wanachukua shoka, wanapiga, wanapata vipande vyenye misumari, na kesho yake mtoto anachechemea. Yeye aliilaza paleti chini, akaizunguka mara moja, akaigonga hapa na pale kwa kifundo cha kidole, akisikiliza. Misumari ya paleti si kama misumari ya dukani kwangu. Imesokotwa kama skrubu, na ukiivuta kwa nguvu inatoka na nyama ya ubao. Alikuwa na kipande cha resori, springi ya lori, kilichonolewa ncha, akakiingiza chini ya ubao, akainua kidogo tu, unene wa kucha. Halafu akapitisha kipande cha msumeno wa chuma kisicho na mpini, kimezungushiwa kitambaa, akaukata msumari palepale gizani, kati ya ubao na kibonge cha mti cha chini yake. Ubao ulitoka mzima. Hakuwahi kuuvuta.

"Hawavutake," alisema. Mtu asiyemjua hakuelewa kama anazungumzia paleti au uzazi, na mimi niliyemjua niliacha kuuliza.

Sasa vita. Mji huu umezungukwa na msitu mpaka unasahau kwamba kuna kitu kingine duniani, na bado ilifika miezi tukakosa kuni. Njia zilifungwa, treni iliacha kuja, na nje ya nyumba za mwisho walikaa watu wa bunduki wa kila aina. Msitu tuliuona. Hatukuugusa. Akina mama waliokwenda kuokota kuni, baadhi walirudi bila kusema neno na wengine hawakurudi. Tukaanza kuchoma vilivyokuwa ndani ya mji: viti, kabati, nguzo za kibaraza. Nilimwona mtu akichoma mlango wa choo, na choo hakikuwa chake.

Chakula kilikuja kwa ndege. Mifuko ya unga ilishuka juu ya paleti za mbao nyeupe, nyepesi, zenye harufu ya dawa ya kikohozi, mbao ambazo hapa hakuna mti wake. Tukaziita mbao za ndege. Paleti ya kwanza iliyofika mtaani kwetu tuliichoma siku hiyohiyo. Inawaka kama uongo, ile mbao: moto mkubwa, makaa hakuna. Sombe, majani yetu ya muhogo, haikuiva. Tulikuwa tumeizunguka sufuria tukilaumu mbao, na Mama Mzalishi akapita akitoka kazini, akasimama, akautazama moto mpaka ukazimika.

"Mumechoma kitanda," akasema, akaenda zake.

Hatukuelewa. Yeye ndiye aliyeingia nyumba kwa nyumba. Yeye ndiye aliyewaona wanawake waliojifungua wamelala juu ya mkeka, sakafu ya udongo, maji ya mvua yakipita chini ya ukuta, kwa sababu vitanda vilikwisha kuchomwa au kuibwa. Hapa kwetu mwanamke akijifungua anakaa ndani siku arobaini, habebi, hafui, hapiki. Ni desturi ya Waislamu wa hapa, na sisi Wakristo tuliokuja tuliichukua bila kuombwa. Lakini arobaini juu ya tope ni adhabu. Mvua zile wanawake wawili walimfia kwa homa ya kifua, mmoja baada ya mwingine, na uzazi wao wote wawili ulikuwa umekwenda vizuri. Hilo ndilo lililomkera. Alisema: "Mutoto mimi nilimutoa muzuri. Ni chini njo ilimuua mama."

Basi akaanza kukata paleti uani kwake. Paleti mbili zilitoa kitanda kimoja, kilichoinuka shubiri moja na nusu kutoka sakafuni. Hakikuwa kizuri. Kilifanana na meza iliyokata tamaa. Lakini kilikuwa kikavu.

Sheria yake ilikuwa moja. Kitanda si cha nyumba, ni cha arobaini. Siku ya arobaini na moja kinatoka kwenda kwa mama mwingine, na anayekibeba ni baba wa mtoto, kichwani, mchana, barabara kubwa. Ilikuwa kama cheti. Ukimwona mwanaume chini ya kitanda cha mbao nyeupe, unajua nyumbani kwake mama na mtoto wamevuka. Watu walimpigia makofi njiani. Wengine walipita kwa makusudi mbele ya baa.

Hapa lazima niseme kosa langu, maana kila mtu wa mtaa analijua na litasemwa hata nikinyamaza. Mke wangu alipojifungua mtoto wa pili alipewa kitanda. Arobaini ikapita salama. Siku hiyohiyo ya arobaini nilipata chumvi nyingi kwa bei ambayo hata leo nikiikumbuka natabasamu, na chumvi haitaki sakafu yenye unyevu, kama vile mzazi hataki. Nikakitazama kitanda. Nikajiambia, vitanda viko kadhaa, nani atahesabu? Mimi, mtu wa kuhesabu, nikajiambia hivyo. Nikakikata, nikatengeneza rafu.

Asubuhi ya arobaini na moja Mama Mzalishi akaingia dukani akiwa na bwana mmoja wa mtaa wa nyuma, ambaye macho yake yalikuwa mlangoni na miguu yake haikutulia. Mke wake alikuwa ameshikwa na uchungu. Mama Mzalishi akatazama ndani, akatazama rafu, akatazama chumvi.

"Papa Neema. Hii njo kitanda?"

"Mama, nilikuwa nafikiri..."

"Sikuuliza kama ulifikiri."

Hakupiga kelele. Akaanza kuishusha chumvi, pakiti moja moja, akazipanga sakafuni kwa mistari, vizuri kuliko nilivyozipanga mimi. Rafu ilipobaki tupu akasema: "Beba. Njoo na mikono yako."

Siku ile, uani kwake, nilikata mbao za kutengenezea kitanda kwa mara ya kwanza maishani. Yeye alikuwa nyumba ya tatu, akimhudumia yule mwanamke, na kila baada ya muda alitoka na mikono imelowa, akatazama nilipofikia, akasema neno moja, akarudi. Mara nyingi neno lilikuwa "Kombo". Bwana wa mgonjwa alinishikia ubao, akigeuka kila mara kutazama nyumbani mpaka msumeno ukaimba. Mtoto alitangulia kitanda kwa nusu saa hivi. Kitanda kilitoka na mguu mmoja mfupi. Yule mwanamke, aliyeusikia msumeno wangu tangu uchungu ulipoanza mpaka ulipokwisha, akamwita mwanawe Paleti, na hakuna aliyeweza kumshawishi vinginevyo, hata padri. Paleti leo ana pikipiki na wateja. Nikipanda ananiongezea bei, anasema ni ya mguu mfupi.

Baada ya hapo Mama Mzalishi aliniita kila Jumamosi kwenda kukata. Sikuwahi kukubali wala kukataa. Niliitwa tu. Na kila Jumamosi, kwa miaka, aliushika ubao nilioukata, akaupeleka jichoni kama mtu anayelenga, akautupa kwenye rundo la kuni.

Usifikiri alikuwa mpole kwa sababu aligawa vitanda bure. Kitanda kizima alimpa mtu asiyemjua, na msumari mmoja alikubishania mpaka jua likazama. Aliinyoosha misumari iliyokuwa na urefu wa kutosha, akaipanga kwa ukubwa katika makopo ya samaki. Siku moja nilimwomba misumari sita. Akanihesabia sita. Nilipohesabu mara ya pili nikakuta mitano mizima na mmoja umepinda.

"Mama, huu umepinda."

"Ule ni wa kujifunza."

Alizalisha nusu ya mtaa, na watoto wakiwa wakubwa wa kutosha kukimbia hakuwataka karibu. "Wakiwa ndani nawapenda," alisema. "Wakitoka wanapiga kelele." Yeye mwenyewe, akimaliza swala ya alfajiri, alianza kugonga kabla jogoo hajasafisha koo. Jumapili moja nilitoka nje na shuka.

"Mama, leo ni Jumapili!"

"Naijua. Na Ijumaa saa ya swala njo ulifungulia redio muziki wa Kinshasa mpaka imamu akapoteza aya. Nilikuja na shuka?"

Tulipatana palepale, ukutani. Yeye hatagonga Jumapili mpaka misa ya kwanza itoke. Mimi sitafungua redio Ijumaa mpaka watu wa msikitini warudi. Niliona nimeshinda, kwa sababu misa inachukua muda mrefu kuliko swala. Jumapili iliyofuata alikaa kimya akikata misumari kwa kile kipande cha msumeno wa chuma, kriii, kriii, kriii, tangu alfajiri. Kugonga hakugonga. Nikarudi kumwambia. Akasema tulipatana nyundo.

Paleti alizipataje? Hilo ni somo la biashara ambalo bado sijalimaliza. Kwenye depo, ghala la chakula cha msaada, alikuwako kijana wa kigeni, mkuu wa mizigo, mwenye karatasi iliyosema paleti hazitolewi. Mimi na wenzangu tulikwenda na maneno matamu, tukarudi nayo. Mama Mzalishi alikwenda na kibao cha kukalia na tumbo la mwanamke mwingine: alimchukua mama mmoja wa miezi minane, wakakaa juu ya rundo la paleti, mbele ya ofisi, wakachambua mboga. Kijana akatoka, akauliza wanataka nini. "Hatutaki kitu," Mama Mzalishi akasema. "Huyu anasikilia kama mbao ni ngumu mugongoni." Siku nzima. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu kijana akavumbua kwamba baadhi ya paleti zimevunjika, na zilizovunjika karatasi haizijui. Mlinzi wa depo alijitolea kuzivunja zaidi. Huyo watoto wake watatu alikuwa amewapokea Mama Mzalishi.

Na kuna siku ya yule mwenye bunduki. Mji ulikuwa umebadilisha wakubwa kwa mara sijui ya ngapi, na wapya walipita nyumba kwa nyumba kutafuta cha kulalia. Mmoja aliingia uani kwake, akaona vitanda viwili vimesimamishwa ukutani vikingoja. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta, nimechutama, nikihesabu pumzi zangu.

"Mama, natwaa hii."

"Twaa, mwanangu. Nikusaidie kubeba?"

Mtu wa bunduki hajazoea kusaidiwa.

"Tena hii ya kushoto njo nzuri," akaendelea. "Imelaliwa na wazazi tisa, haijavunjika. Yule wa mwisho damu ilitoka siku sita. Nilipangusa, lakini mbao nyeupe inakunywaka. Ona hapa. Weye uko na dawa ya kujifunga? Mwanaume mwenye kulala juu ya kitanda ya arobaini, wazee wa kwenu wanasemaka nini?"

Sijui wazee wa kwao wanasema nini; najua tu kwamba wengi wao walijifunga dawa ya kuzuia risasi, na waliamini damu ya uzazi inaiharibu. Nilisikia tu viatu vikitoka, haraka lakini kwa heshima, kama mtu anayetoka kanisani kabla ya sadaka. Nikanyanyua kichwa juu ya ukuta. Alikuwa ameketi chini, soksi mikononi, na mikono ameikalia. Nikamwuliza kama ni kweli, siku sita.

"Ni mafuta ya mawese," akasema. "Niliyamwaga juzi. Na weye usikae unachungulia, njoo ushike ubao."

Vita ikaisha, au ilihamia kwa wengine. Magodoro ya sponji yakafika, nikayauza mimi mwenyewe, na nikamwambia, kwa faida yangu kidogo, kwamba sasa vitanda vyake vimepitwa na wakati. Akaniuliza godoro wanaliweka wapi. Nikasema chini. Akaniuliza chini pameacha kuwa chini tangu lini. Paleti zikawa ngumu kupata, kwa sababu sasa kila mtu amejua kutengeneza viti vyake, na wale wa depo wamejua kuziuza. Kituo cha afya kikampa pumziko lake na cheti chenye muhuri. Aliendelea. Hakuwa anazalisha tena, ila kwa dharura, lakini vitanda viliendelea kuzunguka mtaani, na wanaume waliendelea kupita barabara kubwa na kitanda kichwani. Sasa wanapigwa picha kwa simu.

Kwa hiyo, nilipokaa zile siku nne na simu ya binti yake kichwani, nilikuwa na mambo mawili kwenye mizani na yote mawili yalikuwa kweli. Mkono ule ulikuwa umekatika, na safari nyingine ungeweza kukatika mshipa. Na mwanamke huyu, ukimtoa kwenye ua wake, ukamweka katika chumba kilichopakwa rangi, sikujua ungekuwa umemwokoa nani.

Siku ya tano nikaenda, katikati ya asubuhi, na mkate na kilo ya sukari. Alikuwa ameketi kwenye kiti kifupi, mkono wa kushoto umefungwa bendeji, paleti mbele yake. Alikuwa ameukandamiza ubao kwa kisigino akijaribu kukata kwa mkono mmoja. Ubao ulicheza. Msumeno ukaruka, ukapita karibu na kidole cha mguu. Akaurudisha mahali pake kana kwamba hakuna aliyeona.

Alitazama sukari. "Nani amekufa?"

"Hakuna, mama. Nilikuwa napita."

"Unakaa hapo." Akaonyesha ukuta kwa kidevu. "Ukipita unapitaka wapi? Binti yangu amekupigia."

Nikakaa chini. Nilikuwa nimeandaa njia ndefu, ya kuanzia hali ya hewa ya Goma. Nikaona haina kazi.

"Amepiga. Anaogopa."

"Anaogopa nini?"

"Mkono. Na siku moja shingo. Kule kuna chumba, maji yanafika ndani ya nyumba. Wajukuu wako kule."

"Wajukuu wakubwa, wanapiga kelele. Na mimi nitafanya nini?"

"Utapumzika, mama."

"Asubuhi yote?"

"Asubuhi yote."

"Na mangaribi?"

Akaushika tena msumeno. Niliona vidole vyake vinavyoshika, vimevimba kwenye viungo, na niliona ubao unavyocheza chini ya kisigino, na hapo nikafanya kosa ambalo sijalifanya kwa mteja yeyote tangu nilipoanza kazi hii. Niliishusha bei kabla hajasema yake.

"Basi Goma tuiache," nikasema. "Baki hapa. Lakini acha msumeno."

Akainua macho taratibu. Mtu mwenye kupatana anajua ile nukta. Nilikuwa nimetumwa kuleta mama mzima Goma, na katika pumzi moja nilikuwa nimeiuza Goma bure, kwa neno langu mwenyewe.

"Niache msumeno," akasema. "Mama Zawadi wa kule nyuma anakaribia. Wiki hii, ama ile. Vitanda vyote viko kwa watu. Nani atakata?"

Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Ua ulikuwa na paleti, kuku mmoja na mimi.

"Mimi."

Alicheka. Alicheka mpaka akaushika mkono wenye bendeji, mpaka machozi yakamtoka, na kila alipotaka kunyamaza alinitazama na kuanza upya. "Weye! Miaka yote hii natupa mbao zako kwa kuni! Sombe ya mtaa huu imeivishwa na makosa yako!"

"Ndiyo, mama. Mimi."

"Si Jumamosi tu."

"Si Jumamosi tu."

"Na nikisema kombo, unarudilia."

"Narudilia."

Akafikiri. Halafu akageuza msumeno, mpini ukaja upande wangu, akanipa. Sikumbuki kama aliwahi kunipa. Siku zote niliuokota. Akajisogeza nyuma mpaka ukutani, akaegemea, akanyoosha miguu.

"Anza na ule murefu. Usiukimbize."

Nikaanza. Mbao za ndege ni laini, msumeno unaingia kama kwenye muhogo, na hapo ndipo mtu anapopotea, kwa sababu haukatai kitu. Nikakata wa kwanza taratibu, nikasubiri neno. Halikuja. Nikakata wa pili. Nikafikiri ameniacha nijiumbue mwenyewe. Katikati ya ubao wa tatu nikageuka kumtazama.

Alikuwa amelala. Kichwa kimeangukia begani, mdomo wazi, mkono wenye bendeji umelala mapajani, kiganja juu. Miaka yote hiyo nimemwona akiswali, akigonga, akigombana, akitoka mbio na ndoo ya maji ya moto. Amelala sikuwahi kumwona. Wazalishi wanalala sisi tukiwa hatupo. Na uso ulikuwa wa mtu asiyeona haja ya kusubiri chochote.

Niliposimamisha msumeno ili nimtazame vizuri, kope zake zikatikisika. Nikaendelea. Zikatulia. Nikajaribu tena, kwa sababu mimi hujaribu mara mbili: nikasimama, akaanza kuamka, nikakata, akarudi usingizini.

Simu ikatetemeka mfukoni mwangu. Goma. Nitamwambia kwamba mama yake ameacha msumeno, na hilo ni kweli, na kwamba hatasafiri, na kwamba lawama ya hilo ni yangu maana ni mimi niliyeitoa Goma mezani. Atanikasirikia, kisha atauliza nani anayekata, na nitamwambia pia. Lakini si wakati ule. Ubao wa tatu ulikuwa umekwenda kombo, karibu kidole kizima, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeuona ila kuku. Nikausukuma pembeni kwa mguu, simu ikinung'unika, na bila kuuacha mkono utulie nikavuta ubao mwingine.